Maswali ya Wasomaji: Doa Liko Ndani, Maji Yanaingilia Nje

Barua za kuta zenye unyevu zimejaa mezani kwangu, nikaona safari hii nizijibu kwa pamoja. Nimechagua nne. Waandishi wake hawafahamiani, na wa kwanza amefanya jambo ninaloliona kila mara: amepaka rangi kwanza, akauliza baadaye. Simlaumu. Doa linaonekana, na njia ya maji haionekani, kwa hiyo mkono hukimbilia kile ambacho jicho linakiona. Lakini katika miaka yangu 31 ya uashi sijawahi kuona doa la maji ya mvua lililopona kwa kutibiwa chumbani.

"Doa linakuja mvua ikiwa na upepo tu"

*Shikamoo fundi. Ukuta wa chumba wanacholala wanangu unatoa doa chini ya dirisha, upande wa kushoto, kimo cha kiuno hivi. Ukubwa wake ni kama sinia. Haliji kwa kila mvua. Mvua ya kawaida hupita salama, ila ikija na upepo wa upande ule, kesho yake mchana doa linajitokeza na kukaa wiki nzima. Nyumba yetu haina ghorofa, imejengwa kwa matofali ya saruji yenye matundu, na juu kuna ukuta mfupi unaozunguka paa. Tumepaka rangi mara tatu. Mara ya mwisho ilikuwa rangi ya mafuta, tukaambiwa hiyo itazuia. Sasa imevimba malengelenge, na ukiyapasua unatoka unga mweupe. Mdogo anakohoa usiku. Mume wangu anataka tuvunje lipu yote ya ndani tupige upya. Nifanye nini? — Mama wa wawili*

Marahaba, mama. Leo hii sogeza vitanda mbali na ukuta huo, na dirisha liwe wazi mchana. Kikohozi akione daktari, kisingoje ukuta ukauke.

Sasa tuje kwenye ukuta. Umeniandikia mambo mawili ambayo mafundi wengi hawaulizi: upepo, na "kesho yake mchana". Hayo mawili yamenisaidia kuliko picha ulizoambatanisha.

Mvua isiyo na upepo hupita salama. Basi si bomba lililopasuka ndani ya ukuta, maana bomba halingojei mvua, lingelowesha hata wakati wa jua kali. Kama bado una shaka, funga mabomba yote usiku, soma mita ya maji, uisome tena asubuhi kabla mtu hajagusa maji. Namba zikiwa zilezile, mabomba yenye maji ya mita yaweke kando. Si unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi pia, kwa sababu huo huanzia sakafuni, hauwezi kuruka ukatua kiunoni na kuacha chini pakavu. Wala sidhani ni jasho la hewa ya chumbani. Jasho hupenda pembe na nyuma ya makabati, huja asubuhi za baridi mvua iwepo isiwepo, na mara nyingi huota ukungu mweusi wa vitone. Wewe una unga mweupe. Ule ni chumvi. Maji yamepita ndani ya saruji, yameyeyusha chumvi iliyomo, yakafika upande wa chumbani, yakakauka na kuiacha hapo. Chumvi ikikomaa nyuma ya rangi huisukuma, na ndiyo malengelenge unayoyaona.

Hata hivyo usiniamini kwa barua tu. Kata kipande cha nailoni ngumu, sentimita 30 kwa 30, ukibandike juu ya doa kwa utepe wa gundi pande zote nne, pasibaki upenyo. Kabla ya kubandika, kwangua rangi hapo, kwa sababu rangi ya mafuta itakudanganya. Kiache siku mbili. Matone yakikaa upande unaotazama chumba, ni hewa ya chumbani. Yakikaa upande unaotazama ukuta, unyevu unatoka ukutani.

Doa likirudi, lizungushie mstari wa penseli. Andika tarehe na saa, na pembeni uandike mvua ilinyesha lini na upepo ulitoka wapi. Tumia penseli, kwa sababu wino wa kalamu ya mpira hutokeza tena juu ya rangi mpya. Fanya hivyo kwa mvua tatu. Mistari mitatu kwenye ukuta inaeleza mengi kuliko fundi watatu waliokuja siku ya jua.

Hiyo "kesho yake mchana" ndiyo inayonifanya nimwombe mume wako aweke nyundo chini kwanza. Maji yanayopenya papo kwa papo kupitia pengo la dirisha huonekana mvua ikiwa bado inanyesha, au saa chache baadaye. Yanayochukua nusu siku na zaidi huwa yamesafiri. Tofali lenye matundu ni njia ya maji: yanaingia juu, yanadondoka ndani ya tundu hadi yanapokutana na kitu cha kuyazuia, pengine linta, ile boriti ya zege inayopita juu ya dirisha, pengine tabaka la udongo wa saruji kati ya tofali na tofali. Hapo yanatulia, halafu yananyonywa polepole kuelekea chumbani. Kwa hiyo doa linakuonyesha mahali maji yalipopumzika. Yalikoingilia panaweza kuwa mbali.

Hili nililijifunza kwa gharama. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba yenye doa kama lako, chini ya dirisha. Nikaona kizingiti cha chini cha dirisha kina ufa, nikafurahi kwamba nimepata jibu, nikakivunja na kukijenga upya, nikapiga na lipu. Mvua ya kwanza yenye upepo, doa likarudi palepale. Maji yalikuwa yanaingia kwenye ukuta mfupi wa juu ya paa, karibu mita 2 kutoka dirishani, ambako kifuniko cha saruji kilikuwa kimeachana kwenye maungio. Yalishuka ndani ya matofali, yakakaa juu ya linta, yakatambaa hadi mwisho wa linta, yakateremka kando ya fremu. Nilimrudishia mwenye nyumba pesa ya kazi ya kwanza. Tangu siku ile sivunji kitu kabla sijaona maji yakiingia kwa macho yangu.

Na kuyaona inawezekana. Unahitaji mpira wa maji, saa, na mtu mmoja wa kukaa ndani na tochi. Ngoja siku kavu ambapo doa limefifia. Anza chini, usawa wa chini kuliko doa, uache maji yateremke taratibu ukutani kwa dakika 20. Usibane mdomo wa mpira kwa kidole, kwa maana maji yenye nguvu yataingia mahali ambapo mvua haiingii. Kisha panda: kizingiti cha dirisha peke yake, dakika 20. Ubavu wa fremu, dakika 20. Juu ya dirisha. Mwisho kabisa, ukuta wa juu ya paa. Ukianza juu umeharibu kipimo, kwa sababu maji yatateremka na kulowesha kila kitu na hutajua ni wapi yalipenya. Kwa tofali lenye matundu, ongeza subira: kila hatua ya juu ipe siku yake, umwage maji asubuhi na kusubiri hadi jioni. Ndiyo, ni kazi ya siku nne au tano. Kuvunja lipu ya chumba kizima bila kujua kosa liko wapi ni kazi ndefu zaidi, tena utairudia.

Wakati unangojea, zunguka nje uangalie. Panda ngazi, mtu aishike, utazame kifuniko cha ule ukuta mfupi. Kinatakiwa kiwe na mteremko kuelekea paani, kitokeze pande zote mbili, na chini yake kuwe na tabaka la kuzuia maji. Ukuta huu unapigwa na mvua mbele, nyuma na juu, ndiyo maana naushuku kuliko sehemu nyingine yoyote ya nyumba yako. Angalia pia matundu ya kutolea maji paani kama yamezibwa na majani. Kisha shuka dirishani. Pitisha kidole chini ya kizingiti, kwenye ile sehemu inayotokeza nje. Unapaswa kugusa mfereji mdogo, upana kama wa kidole chenyewe, unaokwenda mwisho hadi mwisho. Kazi yake ni kukata maji: tone linalotambaa chini ya kizingiti likifika kwenye mfereji linashindwa kupanda, linadondoka. Usipougusa, au ukaukuta umejaa rangi, maji yanarudi ukutani kila mvua. Nimeona madoa mengi yakiisha kwa mfereji huo peke yake.

Halafu gonga lipu ya nje kwa mpini wa mwiko. Inapolia kama ngoma imeachia tofali. Tazama nyufa, na usidharau zile nyembamba kama unywele. Ufa mwembamba hunyonya maji wenyewe, kama utambi unavyonyonya mafuta, na upepo unayasukuma zaidi.

Ukishajua, tengeneza kilichokosewa na uache kingine. Ikiwa ni kifuniko cha juu, kiondoe, laza karatasi ya kuzuia maji upana wote wa ukuta, kisha weka kifuniko chenye mteremko, kinachotokeza sentimita 4 hivi kila upande, chenye mfereji wa kukatia maji chini. Ikiwa ni pengo kati ya fremu na ukuta, usilizibe kwa saruji, maana fremu inacheza kwa joto na baridi na saruji itapasuka. Tumia silikoni ya nje, na pengo likiwa na kina lijaze kwanza kwa kamba ya sponji. Ikiwa ni lipu iliyoachia, ikate hadi pale inaposhika vizuri, piga brashi ya waya, lowesha tofali, ndipo upige mpya.

Kuhusu mchanganyiko nitasema kwa nguvu kidogo, kwa sababu hapa ndipo nyumba nyingi zinapoharibiwa na watu wenye nia njema. Wenye nyumba wanadhani simenti nyingi inazuia maji. Kipimo cha simenti 1 kwa mchanga 3 kinatoa lipu ngumu kama jiwe, na lipu hiyo inapokauka husinyaa na kupasuka nyufa nyembamba. Maji yanaingia kwenye nyufa, halafu hayana pa kutokea kwa sababu lipu yenyewe imeziba. Ukuta unakuwa chupa. Kwa ukuta wa nje wa kawaida mimi natumia simenti 1, chokaa ya kujengea 1, mchanga safi 6. Lipu hiyo ni laini zaidi, inavumilia ukuta unapocheza, na inaruhusu unyevu utoke jua likiwaka. Piga tabaka mbili, na uikinge na jua kali kwa siku kadhaa. Chokaa inaunguza macho, vaa miwani.

Ndani fanya jambo moja tu kwa sasa: kwangua ile rangi ya mafuta. Chumvi iondoe kwa brashi kavu, uikusanye na kuitupa. Uache ukuta uchi, hata kama unachukiza macho, hadi mistari ya penseli isifikiwe tena na unyevu wowote.

"Mtaalamu anataka kutoboa ukuta na kuingiza dawa"

*Mzee mwenzangu, ukuta wangu wa upande wa bustani umelowa kutoka sakafuni hadi magotini, urefu wa chumba kizima. Alikuja kijana mwenye kipimo cha pini mbili, akakichomeka, taa ikawa nyekundu. Anasema unyevu unapanda, anataka kutoboa matundu na kuingiza dawa. Nyumba ina miaka 40 na haijawahi kuwa hivi. Bustani tuliitengeneza miaka miwili iliyopita. — Mstaafu mpenda maua*

Ndugu yangu, umejijibu katika sentensi ya mwisho. Nyumba iliyokaa kavu miaka 38 haianzi kunyonya maji ya ardhini bila sababu. Mara nyingi kuna mtu aliyebadilisha kitu nje, na nadhani kitu chenyewe ni udongo wa maua.

Pima hivi. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha maji, ujaze maji usiwe na mapovu, upitishe mlangoni au dirishani, ncha moja iwe ndani, nyingine bustanini. Maji yatasimama usawa mmoja pande zote mbili. Pima kutoka kwenye maji hadi sakafu, na kutoka kwenye maji hadi juu ya udongo. Namba ya nje ikiwa ndogo kuliko ya ndani, udongo wako umepita sakafu, na kila ukimwagilia maua unamwagilia chumba. Maji hayo yanaingia kwa ubavu. Dawa ya kuzuia maji yanayopanda haitayazuia, kwa sababu yanaingia juu ya pale itakapowekwa.

Ondoa udongo hadi uwe milimita 150 chini ya lile tabaka la kuzuia unyevu lililolazwa kwenye msingi. Tone la mvua likipiga ardhi hurukia ukutani, ndiyo maana nafasi hiyo inahitajika. Kisha uipe ardhi mteremko wa sentimita 5 kwa kila mita, kwenda mbali na nyumba, na kando ya ukuta uweke kokoto badala ya maua. Waridi litastawi vilevile mita moja kutoka hapo.

Kile kipimo cha pini hakisemi uongo, ila kinasema kidogo. Kinapima jinsi umeme unavyopita kati ya pini mbili, na vingi vimetengenezwa kwa ajili ya mbao. Chumvi ukutani inapitisha umeme pia, kwa hiyo taa inaweza kuwaka nyekundu kwenye ukuta uliokwisha kukauka. Kinafaa kwa kulinganisha sehemu na sehemu, na mwezi huu na ujao kwenye ukuta uleule. Mtu akikitumia kama hukumu, mwombe kwanza akueleze maji yanatoka wapi. Unyevu unaopanda kweli upo, nimeukuta, na kwa kawaida hauvuki mita moja hivi. Lakini usikubali matundu kabla ya kuondoa udongo.

"Je, nipake dawa ya kuzuia maji?"

*Fundi, kuna dawa isiyo na rangi inayopakwa kwenye matofali yasiyopigwa lipu. Inafaa? — Mpangaji*

Inafaa kwa tofali linalonyonya, ikiwa ni ile inayozuia maji kuingia huku ikiruhusu mvuke kutoka. Haizibi ufa, na haitengenezi maungio yaliyomomonyoka. Kwanza kwaruza maungio mabovu hadi kina cha milimita 20 hivi, yajaze upya kwa mchanganyiko ambao si mgumu kuliko tofali lenyewe, ukuta ukauke kabisa, ndipo upake. Ukiipaka juu ya ukuta wenye maji na nyufa unafunga mlango mgeni akiwa ndani. Na kwa kuwa wewe ni mpangaji, mwandikie mwenye nyumba na umpe tarehe za penseli kabla hujatumia chochote cha mfukoni mwako.

"Nimetengeneza, doa bado lipo"

*Shikamoo mzee. Bomba linaloshusha maji ya paa lilikuwa limepasuka nyuma, upande unaogusa ukuta. Fundi amelibadilisha wiki sita sasa. Doa halijaondoka, na siku zenye unyevu mwingi hewani linakoza hata mvua isiponyesha. Amenidanganya? — Kijana aliyechoka*

Marahaba, mwanangu. Usimgombeze fundi wako bado. Kulikagua bomba upande wa nyuma ni jambo ambalo wengi hawalifanyi.

Sisi waashi huhesabu takriban mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene wa ukuta. Ni kadirio tu, hewa na jua hulibadilisha. Ukuta wako ukiwa na sentimita 23 na umelowa hadi ndani, unazungumzia miezi tisa. Wiki sita ni mwanzo. Zungushia doa penseli leo, kisha tazama baada ya kila wiki mbili. Mpaka wake ukirudi ndani, hata kwa upana wa kidole, bomba limepona na ukuta unakauka. Ukitoka nje ya mstari baada ya mvua, kuna tundu la pili, na hapo ndipo umwite fundi arudi.

Hilo la kukoza siku za unyevu bila mvua ni chumvi. Maji yaliyopita miaka yote hiyo yameiacha ndani ya lipu, na chumvi ya aina fulani hunyonya unyevu wa hewa, kama ile ya mezani inavyogandamana kwenye kikopo. Hali hiyo huonekana pia kwenye kuta zilizopigwa lipu ya mchanga wa baharini usiooshwa. Usiioshe kwa maji, utaiyeyusha na kuirudisha ndani. Ipige brashi kavu kila inapochomoza. Doa likiacha kusinyaa lakini likaendelea kukoza na kufifia kwa hewa, lipu hiyo imeshiba chumvi na haitapona. Ikate hadi kwenye tofali, uvuke ukingo wa doa kwa sentimita 30 kila upande, uache tofali wazi wiki kadhaa, kisha upige mpya yenye chokaa. Rangi iwe ya maji, nyepesi, na kabati lisirudi kuegemea hapo. Liache pengo la kupitisha mkono, ili hewa ipite na wewe uweze kuchungulia.